Mkono Mtupu na Nuru Haba

Lalamiko nililolisikia mara kwa mara mwaka huu kutoka kwa vijana wapigao picha ni kwamba milango ya majumba ya kale inazidi kufungwa mbele ya stendi zao. Mahali pengine pameandikwa kibao kuwa stendi ya kamera hairuhusiwi, mahali pengine hutozwa ada juu ya kiingilio, na mahali pengine mlinzi haneni neno ila hunyosha kidole tu kuonyesha kuwa kitu hicho cha miguu mitatu kibaki nje pamoja na viatu. Flashi nayo imekwisha katazwa tangu zamani. Basi kijana ajikutaye katika ukumbi wenye dirisha moja, au katika hadhara ya usiku iliyomulikwa na taa mbili tatu, hujiona amenyimwa nyenzo zote za kazi, akahukumu kuwa usiku haupigiki picha bila stendi. Wenzake wengine humcheka wakamwambia kuwa simu za siku hizi zimeiondoa shida hiyo, maana simu yenyewe humwamuru mwenye kuishika atulie, na baada ya sekunde chache picha hutoka ang'avu hata kuliko macho yalivyoona. Baina ya wenye kulalamika na wenye kujisifu sikumsikia aliyeuliza swali ambalo kwangu lilikuwa la kwanza: mkono mtupu wa binadamu waweza kuistahimili kamera kwa muda gani, na kwa njia ipi?

Kwa kuwa nimepata riziki yangu kwa mkono huo sehemu kubwa ya umri wangu, swali hilo limenirudisha Mji Mkongwe wa Unguja katika miaka ya sabini, nilipokuwa mwanagenzi katika studio moja ndogo. Studio yenye jina wakati ule ilikuwa Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, na kabla yake akina Gomes na Coutinho walikuwa wamekwisha kuzipiga picha sura za watu na mitaa ya Unguja tangu karne ya 19 haijaisha. Yetu haikuwa na jina la namna hiyo. Ilikuwa na pazia lililochorwa minazi, viti viwili, chumba cha giza, na maalim mmoja mwenye sauti ya chini ambaye sikupata kumwona akiharakisha jambo lolote, hata kula.

Maalim huyo hakunipa filamu. Filamu ilikuwa adimu Unguja siku hizo, nayo haikuchezewa na mwanafunzi. Alinipa kamera tupu, Rolleiflex ya lenzi mbili, ya ukoo ule ulioanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1929, ambayo mpigaji huitundika shingoni na kuiinamia akitazama kutoka juu. Akabandika kwa nta, mbele ya kamera, kipande cha kioo kisichozidi ukubwa wa ukucha. Dirisha la chumba cha giza lilielekea magharibi nalo lilizibwa kwa ubao, na katika ubao huo palikuwa na tundu ambalo likifunguliwa alasiri lilipitisha mshale mmoja mwembamba wa jua. Akaniweka nisimame mbele ya mshale ule hata nuru ikapiga kioo na kurudi ukutani, doa dogo jeupe, kisha akaniambia, "Mwanangu, usitazame kamera. Tazama ukuta, ndipo utakapoona ulivyo."

Nilichokiona kilinishangaza, kwa kuwa nilidhani nimesimama kimya. Doa lilikuwa halitulii. Lilikwenda polepole kushoto na kulia, na huko kulikuwa kuyumba kwa kiwiliwili juu ya miguu miwili. Lilipanda na kushuka kwa taratibu, na huko kulikuwa kuvuta na kutoa pumzi. Na juu ya mwendo huo wa pole palikuwa na mshituko mdogo uliojirudia kwa hesabu moja, ambao nilikaa kitambo nisijue asili yake mpaka maalim aliponishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo ya moyo kwa sauti, na doa likaruka sawasawa na hesabu yake. Kioo, kwa desturi yake, huongeza kosa: kikiinama kadiri moja, mwali urudio huinama kadiri mbili. Kwa hiyo ukuta ulinisema zaidi ya ukweli. Lakini mrukaji mkubwa kuliko wote hakuwa moyo wala pumzi. Nilipobonyeza kitufe cha kufyatulia, doa lilitupwa chini nusu ya ukuta.

Katika jambo hilo moja nililolitazama ukutani kwa alasiri nyingi mfululizo, naona kuwa nilifundishwa nusu ya kazi yangu. Watu hudhani kuwa picha hutikisika kwa sababu mkono hupanda na kushuka, ilhali kupanda na kushuka kwa upana wa uzi hakudhuru kitu mtu akipiga picha ya jambo lililo mbali. Kinachodhuru ni kamera kuinama na kugeuka, hata kwa kadiri isiyoonekana kwa jicho, kwa kuwa lenzi huizidisha pembe hiyo kulingana na urefu wake. Ndiyo maana mafundi wa kamera za filamu ya milimita 35 walikuwa na kanuni ya kuugeuza urefu wa lenzi kuwa sehemu ya sekunde: mwenye lenzi ya milimita 50 asikae chini ya 1/50, yaani 1/60 katika gurudumu la spidi, na mwenye lenzi ya 135 asikae chini ya 1/125. Kanuni hiyo ni njema, lakini imewekwa kwa ajili ya mtu aliyesimama tu bila mafunzo. Kidole kibonyezacho ndicho kiinamishacho kamera. Kikikandamizwa polepole hata mwenye kukandamiza asijue ni lini hasa mlango wa lenzi utafunguka, na kikibaki pale pale chini mpaka mlango umefungwa, nusu ya mtikisiko huwa imekwisha. Nusu nyingine ni pumzi. Wanagenzi wote huanza kwa kujaza kifua hewa na kuibana, na ukuta huwasuta papo hapo, kwa sababu kifua kilichojazwa hutetemesha mabega na kuupa moyo nguvu ya kugonga. Maalim alinitaka niitoe pumzi kama kawaida, nisiibane, ningoje kile kituo kifupi kilichopo baina ya pumzi iliyotoka na ile isiyoingia bado. Katika kituo hicho doa lilikaribia kusimama.

"Hukulizuia," aliniambia, "limesimama lenyewe. Wewe umelikuta tu."

Neno hilo nililichukua wakati ule kuwa ni mzaha wa mzee, wala sikulielewa kwa ukamilifu mpaka niliposafiri nalo.

Miaka kadhaa baadaye niliitwa shamba kupiga picha maulidi ya homu. Msomaji asiyeijua homu naomba aidhanie hivi: safu ya wanaume waliovaa kanzu nyeupe na kofia, wamepiga magoti bega kwa bega, nyuma yao wapiga matari na waimbaji, na safu nzima ikiinama na kuinuka, ikipinda kulia na kushoto, mikono ikifunguka na kufumba kwa mujibu wa kasida, mwanzo kwa upole mno na baadaye kwa shauku. Nuru ilikuwa ya taa za karabai. Mzee wa hadhara alinikaribisha kwa taadhima, akanipa kahawa, kisha akaweka masharti yake. "Piga picha, mwanangu, lakini usitupasulie macho kwa umeme wako, wala usitujengee mnara katikati ya mkeka." Sikuona ubaya wa sharti lolote kati ya hayo. Hadhara ya dua si mali ya mpiga picha, na mtu asimamishaye stendi mahali pale huwa amejifanya sehemu ya ibada asiyoalikwa kuiongoza.

Nilikuwa na Leica kuukuu ya kuazima, aina ile ambayo Oskar Barnack aliibuni na ambayo ilionyeshwa hadharani huko Leipzig mwaka 1925, kamera iliyokusudiwa tangu asili yake kushikwa mkononi. Ndani yake haina kile kioo kirukacho juu kila mtu afyatuapo, ambacho katika kamera za kioo huleta mtikisiko wake wenyewe, hasa spidi zikiwa kati ya 1/30 na 1/8. Filamu ilikuwa ya ASA 400, lenzi imefunguliwa yote hadi f/2, na kipima mwanga kilinipa 1/8. Nikaketi mwisho wa mkeka, goti moja juu, nikauegemeza mkono mbele ya goti kwa nyama yake na si kwa kifundo cha kiwiko, kwa kuwa mfupa ukikalia mfupa huteleza. Mkono wangu ulikuwa umekwisha tulia. Ila nilikuwa nimetulia mbele ya watu thelathini wasiotulia, na utulivu wangu peke yake haukuwa na faida.

Ndipo nilipoitazama safu badala ya kujitazama mwenyewe. Ilipinda kulia, ikafika ukomo wake, na kabla ya kurejea kushoto ilikaa kitambo kisichofika kupepesa jicho, bila mwendo wowote. Mtoto aliye juu ya pembea, afikapo kileleni, hutundikwa hewani namna ile ile kabla hajaanza kurudi. Kila upande ulikuwa na ukomo wake, na ukomo ulirudi kwa mahadhi yanayojulikana, kwa hiyo haikuwa lazima kubahatisha: kasida yenyewe iliniambia utakuja lini. Nikaifanya pumzi yangu ilingane na kasida, ili kituo chake na kituo changu viangukie mahali pamoja, na kidole nikakitanguliza kidogo. Picha zilipooshwa, nyuso za safu ya mbele zilikuwa wazi hata ndevu zikihesabika, na mikono ya wapiga matari nyuma yao imeyeyuka kuwa ukungu mweupe. Mteja mmoja wa mjini alizitazama akauliza kwa nini mikono imeharibika. Mzee wa hadhara alipoziona hakuuliza. Alisema kuwa hivyo ndivyo matari yanavyopigwa.

Bahari ilinifundisha kinyume cha niliyokwisha jifunza nchi kavu, na sehemu hii nitaisimulia kwa kirefu, maana nimeona vijana wengi wakiikosa. Nilikuwa nikivuka kwenda Pemba kwa meli iondokayo Malindi ya Unguja usiku na kufika Mkoani alfajiri, na katika sitaha, chini ya globu moja ya manjano, abiria walilala juu ya mikeka na vitita vyao, mama amemfunika mtoto kwa kanga, mzee ameegemea gunia. Watu waliolala ni hiba kwa mwenye nuru haba, kwa kuwa hawapindi wala hawageuki. Desturi yangu ya nchi kavu ilikuwa kutafuta ukuta au nguzo na kuiegemea, basi nikauegemea mlingoti wa chuma. Kabla sijainua kamera nilihisi mlingoti ukinguruma ndani ya bega langu. Injini ilikuwa ikiupeleka mtetemo wake katika kila chuma cha meli, na mwenye kuegemea chuma huupokea mtetemo huo wote akautia katika lenzi. Stendi nayo ingeupokea vile vile kwa miguu yake mitatu. Kilichofaa ni kusimama mbali na kila kitu, magoti yamelegea, uzito juu ya nyayo zilizotanuka, ili miguu iumeze mtetemo kabla haujafika mabegani. Mwili wenye nyama na viungo, ambao ukuta wa studio uliuonyesha kuwa mkosa mkubwa, ulikuwa sitahani chombo bora kuliko chuma.

Na mawimbi je? Hapo ndipo akili huchelewa. Meli ilipanda na kushuka, lakini abiria, globu, mikeka na mimi tulipanda na kushuka pamoja, basi baina ya kamera na mtoto aliyelala hapakuwa na mwendo wowote wa kutia hesabuni. Wimbi halikuitikisa picha ile. Lilikuja kuitikisa nyingine, alfajiri, nilipoigeuzia kamera pwani ili nizichukue taa za Mkoani chini ya mbingu iliyoanza kufunguka. Hapo kamera ilikuwa juu ya maji na taa zilikuwa juu ya nchi, na kila taa ingeandika mstari katika filamu. Nikaukumbuka ukomo wa homu. Meli ifikapo juu ya wimbi husita kabla ya kushuka, na ishukapo husita tena kabla ya kupanda. Nikayangoja masito hayo kwa magoti yangu, si kwa macho, kwa kuwa magoti huyajua mapema zaidi, na taa zikakaa kuwa nukta.

Kutoka hapo nadhani nilimwelewa maalim wangu. Kila mwendo ambao mtu hushindana nao katika kazi hii, wa moyo, wa pumzi, wa safu ya waumini, wa bahari, ni mwendo wa kwenda na kurudi, na kila kiendacho na kurudi lazima kisimame pale kigeukapo. Mwenye mkono thabiti hana misuli kuwashinda wenziwe. Amezoea tu kuujua mgeuko kabla haujafika.

Muda mrefu baadaye, Disemba 2009, umeme utokao bara ulikatika Unguja, na giza hilo likadumu takriban miezi mitatu, hata Machi 2010. Dhiki yake kwa wenye wagonjwa na wenye biashara ilikuwa kubwa, wala sipendi kuigeuza kuwa hadithi ya mpiga picha. Lakini kazi ilikuwapo, na soko la Darajani usiku liliuza samaki na mikate kwa mishumaa, koroboi na ngurumo za jenereta. Wakati huo nilikwisha hamia kamera ya kidijitali. Katika msongamano ule hapakuwa na mahali pa kuketi wala pa kuegemea, nikatumia hila kongwe ya kamba: msumari wa parafujo wa robo inchi, ambao ndio uingiao katika tundu la chini la kamera nyingi, umefungwa uzi wa kitani, uzi ukakanyagwa kwa mguu na kamera ikavutwa juu hata uzi ukakaza. Mvuto huo huondoa kupanda na kushuka, ingawa haufui dafu mbele ya kuyumba kwa pembeni. Muuza samaki mmoja alinitazama kwa kitambo nikivuta uzi wangu kutoka ardhini, kisha akaniuliza kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, "Mzee, unavua nini humo kizani?" Watu wakacheka, na katika kicheko chao, ambacho nacho kilikuwa na mwanzo na ukomo, nilipata picha zangu nzuri za msimu ule.

Ama mashine za leo, sina husuda nazo. Canon ilitoa mwaka 1995 lenzi ya kwanza ya kubadilishwa, kwa kamera za kioo, yenye vipimo vya ndani vinavyouhisi mtikisiko na kulisogeza kundi moja la vioo ili kuufuta. Baadaye sahani ya kupokea nuru yenyewe ikafundishwa kusogea. Na mwaka 2020 kampuni hiyo ilitangaza kamera iliyosema kuwa yaweza kufidia hadi vituo vinane vya nuru. Kila kituo ni maradufu, kwa hiyo vituo vinane ni mara 256, yaani aliyekuwa hawezi kupita 1/60 huahidiwa zaidi ya sekunde nne. Simu nazo zimeshika njia nyingine: tangu Google ilipoleta Night Sight katika Pixel mwaka 2018, simu hupiga picha fupi nyingi mfululizo, huzipanga moja juu ya nyingine, na kujumlisha nuru yake. Mkono wangu sasa una tetemeko la umri, nami hutumia lenzi yenye kutuliza bila haya yoyote, kama nivaavyo miwani.

Lakini katika harusi ya ukoo wetu hivi karibuni, binti wa ndugu yangu alinionyesha picha aliyoipiga kwa simu usiku katika ngoma ya kesha, akasema, "Mjomba, mambo ya pumzi na kidole ni ya enzi zenu. Simu hutulia yenyewe." Kweli, nguzo za nyumba, pazia na taa za kamba vilikuwa safi kama vimechongwa. Bibi harusi alikuwa na pua mbili. Nikamwambia simu imetulia, mwanangu, ila hukumwomba bibi harusi atulie, naye hakuwa na sababu ya kukutii usiku wake. Nikamshauri aitazame ngoma mizunguko kadhaa, kisha abonyeze pale wachezaji wanapogeuka. Alifanya hivyo kwa uvivu wa kumridhisha mzee, akatazama kioo cha simu, akakaa kimya, akarudia mwenyewe bila kuambiwa.

Kwa hiyo kuhusu stendi, rai yangu huenda isiwafurahishe vijana walioniletea malalamiko: wenye majumba hayo wana haki. Sakafu za kale hukwaruzwa, njia nyembamba huzibwa, na wageni wengine hukanyaga miguu ya stendi gizani wakaanguka. Ada nayo, mahali inapotozwa, ningependa iwe na risiti. Zaidi ya hayo sina la kuwatetea.

Naye atakaye kujaribu, na aanze leo bila kununua kitu. Abandike kipande cha kioo mbele ya kamera yake, amulike kwa tochi, autazame ukuta mpaka aijue pumzi yake. Kisha aende mahali penye taa moja, aweke 1/15, na kila jambo alipige mara tatu mfululizo bila kuinua kidole. Ya kwanza huchukua mshituko wa kubonyeza na ya mwisho huchukua mshituko wa kuachia. Ya kati aghalabu ndiyo ya kuwekwa.